Hapa Hakuna Mkimbizi

Mwaka ule wa vita vya ng'ambo niliitembea Ujiji mpaka miguu ikazoea kwenda yenyewe. Nikikaa kula, magoti yaliendelea kupanda na kushuka chini ya meza kama ya fundi cherehani. Soli za viatu vyangu zilikuwa zimelika hivi kwamba ningekanyaga shilingi ningekuambia ni ya mwaka gani.

Nilikuwa karani wa kuandikisha watu. Nilipewa daftari la jalada jeusi, zito kama jiwe la kusagia, na kalamu mbili, moja ikiwa imekufa kabla sijakabidhiwa. Vita vilikuwa vimewaka upande wa Zaire, na watu walivuka ziwa kwa maboti ya mbao, kwa mitumbwi, na mmoja, naapa, juu ya mlango wa nyumba yake. Labda ulikuwa ubao tu, lakini ulikuwa na bawaba. Wengi walipokelewa na kupelekwa kambini. Wengine walipanda kutoka ufukweni wakaingia majumbani, na hao ndio nilitumwa kuwatafuta, nyumba kwa nyumba. Daftari lilikuwa na safu nne: jina, umri, alikotoka, na uhusiano na mwenye nyumba. Katika hiyo ya nne nilitakiwa kuandika neno moja kati ya matatu. Ndugu, mpangaji, au mkimbizi.

Kazi hiyo niliipata kwa cheti changu cha kidato cha nne. Nilikisomea jioni nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, baada ya kuanguka hesabu mara nyingi hivi kwamba karatasi ya mtihani ilikuwa ikiniona inanisalimia. Mchana nilibeba magunia bandarini, jioni nilijikunja kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, magoti yakigusa masikio. Hesabu ilinishinda, lakini uraia niliupenda. Mwalimu wetu alikuwa mstaafu mwenye kikohozi, alikuwa akifundisha bila kitabu kwa sababu kitabu kimoja cha darasa zima kilikuwa kwa mtu mmoja wa kijiji cha Simbo ambaye hakurudi tena.

Siku moja alitufundisha mikataba ya kimataifa. "Nchi ikitia saini imejifunga," alisema. "Mtu akiikimbilia akikimbia kifo, haiwezi kumshika mkono ikamrudisha kwenye kifo hicho. Hata ikiwa imechoka naye. Hata ikiwa yenyewe ina njaa."

Fundi baiskeli mmoja aliyekaa nyuma yangu akauliza, "Na kama hana karatasi, mwalimu?"

"Karatasi haimfanyi mtu kuwa mkimbizi. Kilichomkimbiza ndicho kinamfanya. Karatasi inakuja baadaye, inahema."

Tulicheka mpaka dawati langu likavunjika mguu. Niliyaandika maneno yale nikayapigia mstari mara mbili. Ningeyasoma mara ya pili kabla ya kwenda kuandikisha watu, nisingekuwa na la kuwasimulia leo.

Basi sasa, Ujiji. Ukimuuliza mtu wa Ujiji kama ana mkimbizi nyumbani kwake, ni sawa na kumuuliza kama ana kunguni. Atakuangalia. Neno lenyewe kwao lilikuwa tusi. Mkimbizi ni mtu wa turubai na foleni ya maharage. Aliyelala chini ya dari lako na kula kwenye sinia lako ana jina jingine. Na zaidi ya hapo, mgeni wa namna hiyo haulizwi. Huulizi umeacha nani, umeona nini. Ukimuuliza ni kama unampimia muda wa kuondoka. Unampa maji ya kuoga, unampa kanga ya kubadilisha, unakaa kimya, na akitaka kusema atasema mwenyewe.

Ilikuwa adabu nzuri sana. Nami nililelewa nayo, ndiyo maana sikuona hatari yake.

Kwenye nyumba moja ya mtaa wa Buzebazeba alikuwepo mama mmoja, mjane, mwuza mawese, mwenye kifua cha kuweza kusimamisha gari la moshi kwa sauti tu. Nilimkuta uwanjani anachuja mafuta, na pembeni yake mwanamke wa makamo anachambua majani ya muhogo. Huyu wa pili nilimjua. Miezi michache kabla, nikiwa bado mpagazi, nilikuwepo ufukweni boti lao lilipofika, nikamshika mkono asianguke majini. Hakuwa na mzigo. Alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria, bila sufuria, ameukumbatia kifuani. Nilimwonyesha njia ya kupandia, na njia hiyo ikamfikisha kwa huyu mama.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuandika watu wa nyumba."

"Marahaba baba. Andika. Tuko sita."

Nikaandika wanawe wanne, nikamwandika yeye, nikafika kwa mgeni. "Na huyu?"

"Mdogo wangu."

"Mama, huyu si alikuja na boti?"

"Na babu yangu alikujaje? Alikuja anaogelea?" Akaweka chini kichujio. "Ujiji yote hii imetoka ng'ambo, karani. Baba yako katoka wapi, kaota hapa kama uyoga? Hapa hakuna mkimbizi. Andika mdogo wangu."

Mgeni akacheka kidogo, bila kuinua macho. "Andika vile dada anasema," akasema kwa Kiswahili chao cha ng'ambo. "Mie niko mutu wa hapa sasa."

Nikaandika: ndugu, mdogo wake. Alikotoka: Ujiji. Na sikuandika kwa shingo upande. Niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote wa daftari lile, nikamaliza kwa mkia mrefu chini ya herufi ya mwisho. Nikapewa bakuli la ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka aliyeungwa kwa mawese, na nikala nikijiona nimefanya wema mkubwa. Wema huo niliufanya nyumba nyingi. Ungelisoma daftari langu ungedhani wanawake wote wa Ujiji wamezaliwa na mama mmoja, na mama huyo hakupumzika hata mwaka mmoja.

Miezi ikapita. Mji ulichoka, sitaki kuficha. Kuni zilifuatwa mbali mpaka Simbo, visima vilikuwa na foleni, na kila kilichoibiwa walisingiziwa wageni, hata kuku wangu ambaye baadaye alikutwa anaatamia kwa jirani. Ikaja amri ya kusafisha orodha. Aliyeandikwa mkimbizi na bado yuko mjini atapelekwa kambini, alindwe huko. Raia abaki kwake. Asiye raia na asiye kwenye orodha ya wakimbizi ni mtu aliyeingia bila ruhusa, na atarudishwa alikotoka kwa boti.

Nilisikia amri hiyo nikiwa nakunywa chai mtaa wa Gungu, nikakiacha kikombe nusu. Nilikuwa na daftari zima la watu ambao si hiki wala kile.

Asubuhi ya siku ya tatu yule mama wa Buzebazeba alikuja kwangu kwa miguu, mtandio umeteleza mabegani, kiatu kimoja hana. Mdogo wake alikuwa ameshikwa mwaloni, soko la samaki la ufukweni, alikokwenda kununua dagaa. Alipofungua mdomo tu, lugha ikamtaja. Sasa alikuwa kwenye ua wa ofisi moja karibu na ziwa, pamoja na wengine, na boti la kuwarudisha lingeondoka saa nane mchana.

"Nimewaambia ni mdogo wangu. Nimewaambia mpaka sauti imekauka. Wanasema wameona daftari. Daftari si lako? Twende ukaseme."

Ilikuwa imefika saa nne.

Ningependa kusema afisa tuliyemkuta alikuwa na pembe; hadithi ingenoga. Hakuwa nazo. Alikuwa mtu wa bara mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, amekaa nyuma ya meza yenye madaftari yaliyorundikwa mpaka kidevuni, na mojawapo lilikuwa langu. Mgeni wetu alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, mikono mapajani, kama mtu anayengoja zahanati. Alipomwona mama akataka kusimama, akaambiwa akae.

"Huyu ni mdogo wako?" afisa akamuuliza mama.

"Ndiyo."

"Mama yenu mmoja?"

Mama akaupandisha mtandio kichwani.

"Kazaliwa wapi? Shule kasoma ipi? Mwenyekiti wenu wa mtaa ananiambia hamjui." Akafungua daftari langu, akaweka kidole kwenye ule mwandiko mzuri. "Imeandikwa katoka Ujiji. Lakini si wa Ujiji, hata mimi wa juzi nasikia. Kwa hiyo si raia. Na mkimbizi hakuandikwa. Sasa nimweke wapi, mama? Nionyeshe mahali pa kumweka."

"Muweke kwangu."

"Kwako si safu."

Hapo ndipo nilipokohoa. Sijawahi kubeba gunia zito kama kikohozi kile. "Mkuu, hilo kosa langu. Mimi ndiye niliyeandika. Nilijua amekuja na boti. Nilimwona anashuka."

Akatoa kidole kwenye daftari. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

"Wakati ule." Na kwa sababu nilikuwa nimeshavuliwa nguo, nikaona heri nioge kabisa. Nikamwambia yote ya darasa la jioni: kwamba nchi yetu imetia saini, kwamba aliyekimbia kifo harudishwi kwenye kifo, kwamba karatasi haimfanyi mtu mkimbizi, inakuja baadaye inahema. Nilisema kwa mikono na miguu. Nadhani nilitaja nchi ambazo hazipo.

Afisa alisubiri nimalize. "Karani, hayo nayajua. Mimi nimeyasoma shule ya mchana." Alisema bila kucheka, na mimi sikucheka. "Kama kakimbia kifo, simrudishi. Sina ruhusa ya kumrudisha, hata nikiambiwa. Lakini lazima aseme mwenyewe amekimbia nini, na mwenye nyumba aseme mbele yangu kwamba huyu si ndugu yake, ni mkimbizi aliyempokea. Maandishi haya yafutwe. Nitampeleka kambini. Vinginevyo nina karatasi inayosema ndugu, na ndugu huyo hana nchi."

Nikamgeukia mama. Nilidhani tumeshashinda.

"Siwezi," mama akasema.

"Mama."

"Kala kwangu miezi saba. Kaniuguzia mwanangu na homa, kamkanda kwa maji mpaka alfajiri. Leo nisimame nimwite jina hilo mbele ya watu? Na yeye ananisikia?" Ile sauti yake ya kusimamisha gari la moshi ilikuwa imekwisha kabisa. "Niandikieni mimi jina hilo. Mimi nitapanda hiyo boti."

Tulikaa pale mpaka nikasahau siku. Saa tano ikapita, sita ikapita. Afisa aliendelea na wengine. Watu waliingia na kutoka, madaftari yakafunguliwa na kufungwa, inzi walitembea kwenye kikombe chake cha chai. Nje boti lilikuwa linajaribu injini, linawaka na kuzima. Nilimbembeleza mama kwa kila lugha ninayoijua na mbili nisizozijua. Nikamwambia ni neno la ofisini tu. Akasema, "Neno ni neno." Nikamwambia, litamwokoa. Akasema, "Najua litamwokoa. Unadhani mimi mjinga?"

Kwenda saa saba, mgeni mwenyewe akasimama kutoka kwenye benchi. Hakuna aliyemwambia akae safari hii.

"Dada," akasema. "Sema tu. Mie sitasikia vibaya."

Akamgeukia afisa na kuanza kueleza. Sisi sote wawili, mama na mimi, ndiyo mara yetu ya kwanza kuyasikia, kwa sababu hatukuwahi kumuuliza. Tulikuwa na adabu.

Alikuwa anapika sombe, yale majani ya muhogo. Alikuwa amefunua sufuria kuangalia kama maji yamekauka, ndipo aliposikia kelele upande wa juu wa kijiji, na nyumba za kwanza zikaanza kuwaka. Mume wake alitoka kwenda kuangalia. Alimwona akianguka, njiani, karibu na kanisa. Mama yake mzazi alikuwa amekaa jikoni, miguu ilikuwa imekufa zamani. Alijaribu kumbeba, hakuweza. Mama yake akamwambia, nenda, mimi nitaangalia sufuria. "Hivyo alisema. Miye nitaangalia sombe isiungue. Nikakimbia. Nilifika kwa maji, nikaona mukononi niko na mufuniko."

Afisa alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama, kisha ikaendelea.

"Wale waliochoma bado wako huko?" akauliza.

"Ndio banakaa kwa nyumba zetu."

Mama wa Buzebazeba alinyanyuka. Hakumwangalia mdogo wake. Alisimama mbele ya meza ile, akashika ukingo wake kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya chini sana, neno moja moja, kama anayetema mbegu:

"Huyu si ndugu yangu. Amekuja na boti. Ni mkimbizi."

Akaweka dole gumba kwenye wino, akaweka kwenye karatasi. Nami nikapewa daftari langu nifute. Nilipitisha mstari juu ya *mdogo wake*, mwembamba mno, unaosomeka chini yake. Afisa aliuona, akauacha. Juu yake nikaandika lile neno jingine, bila mkia.

Boti liliondoka saa nane na dakika kidogo, bila yeye. Lilikuwa na watu wengine, na huenda baadhi yao walikuwa kwenye kurasa zangu. Hilo silitilii chumvi.

Yeye alipakiwa kwenye lori la kambini. Walipoagana, wanawake wale hawakukumbatiana. Walishikana vidole tu, haraka, kama watu walioona haya. Njiani kurudi mama alitembea mbele yangu mpaka tulipofika kwenye kona ya nyumba yake.

"Ile uliyoandika kwanza ndiyo ilikuwa kweli," akasema, akaingia ndani.

Adhabu yangu, kama ni adhabu, ilikuwa kuirudia Ujiji yote. Afisa alinipa wiki mbili nipite tena kila nyumba niliyoandika *ndugu* nikiwa najua ni mgeni, nirekebishe kabla boti jingine halijaja. Safari hii sikupewa ugali. Nilibisha hodi, nikaeleza sheria, nikaeleza boti, na watu wazima wenye heshima zao walinitazama kana kwamba nimewaambia wawatupe wazazi wao kisimani. Wengine walilia. Mmoja alinimwagia maji ya kuoshea samaki, na nilinuka mgebuka mpaka Ramadhani. Lakini walisema, nyumba baada ya nyumba, mbele ya wageni wao, na mimi niliandika. Ikifika jioni nilikuwa nimechoka uchovu ambao hata sasa, nikikumbuka, nakaa chini kwanza.

Nilifikiri sana siku hizo juu ya nchi kutia saini. Darasani nilidhani ni kazi ya watu wakubwa wenye tai, huko ng'ambo ya bahari, kwenye meza ndefu. Sikujua kwamba saini ile ingekuja kutimizwa Buzebazeba, na mwuza mawese, kwa dole gumba.

Miezi miwili baadaye nilikuwa nimekaa kwenye kiti kidogo pembeni ya meza ya yule afisa, nikijaza fomu za vibali. Mtu aliyetaka kwenda kambini kumwona mtu alihitaji kibali. Yule mama akaingia. Hakuwa ameonana nami tangu siku ile. Kichwani alikuwa amebeba sufuria mpya, imefungwa kwa kanga, na juu yake ule mfuniko wa zamani uliovuka ziwa, wenye kibonyeo, haukutosha vizuri, ukawa unagongagonga kila alipopiga hatua.

Nikachukua fomu. Jina nikaandika. Anapokaa nikaandika. Nikafika kwenye mstari wa tatu, kalamu ikakataa kwenda.

"Uhusiano na mkimbizi?" nikauliza, macho chini.

"Dada yake," mama akasema. "Mimi mkubwa, yeye mdogo."

Nikamwangalia afisa. Dole gumba la mama huyu lilikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti chake, chini ya maneno aliyoyasema mwenyewe. Afisa alimtazama mama, akatazama sufuria, akajipangusa uso kwa kiganja kuanzia paji mpaka kidevu, kama mtu anayenawa bila maji.

"Unangoja nini, karani?" akasema. "Umesikia. Andika."